Joto la Ukomo wa Hedhi: Tuanze na Yaliyomo Nyumbani

Mama zangu, dada zangu, na akina baba wachache mliokubali kukaa nasi,

Nimefanya kazi ya ukunga hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na nitakalolisema leo nimekwisha kulisema zahanati, misibani na kwenye foleni za kliniki. Nitaendelea kulisema mpaka nisimwone tena mwanamke wa miaka 48 akimezeshwa dawa mseto ya malaria mara tatu kwa mwaka bila kutobolewa kidole, eti kwa sababu anaamka usiku ameloa jasho. Malaria ina kipimo chake. Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kukonda na homa za jioni, na mwenye hayo akapimwe upesi. Lakini joto linaloanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni kwa dakika chache, moyo ukaenda mbio, jasho likamwagika na baridi ikafuata, kwa mwanamke ambaye hedhi yake imeanza kuruka miezi, hilo ni joto la ukomo wa hedhi, nalo lina maelezo yake. Homoni ya estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, na ongezeko dogo ambalo zamani usingelihisi sasa linaufanya mwili ufungue mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili ujipoze.

Kwa hiyo ukiniuliza unywe dawa gani, nami nitakuuliza kwanza ni kitu gani kinachokuongezea hilo joto dogo.

Kuna mama mmoja mkaanga samaki aliyenifunza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Nilikuwa nimemshauri aandike saa ambazo joto lilimpanda, wala sikumuuliza kama anajua kuandika. Hakujua. Basi akaweka vikombe viwili vya bati kando ya jiko, kimoja kina mbaazi kavu, na kila joto lilipompanda alihamisha punje moja kwenda kikombe cha pili. Usiku aliviweka chini ya kitanda, na asubuhi mjukuu wake akazihesabu. Baada ya siku nane alikuja kunieleza kwamba punje nyingi zilihama alasiri, wakati anapokunywa chai ya tangawizi inayofuka mvuke, huku ameinamia karai la mafuta, na mwilini amevaa dera la nailoni. Hakuacha kukaanga samaki, kwani ndiyo riziki yake. Alichofanya ni kuiacha chai ipoe, kulihamishia jiko upande unaopata upepo, na kurudi kwenye kanga zake za pamba. Wiki ya tatu, punje zilizohama hazikufika nusu ya zile za mwanzo.

Najua yupo atakayesema kwamba bibi zetu walikunywa chai ya moto wala hawakulalamika. Walilalamika. Walisema "nafukuta", wakatoka kulala barazani, na hakuna aliyewauliza wana nini.

Usiku una taabu yake, hasa wakati wa kaskazi, hewa inapojaa unyevu na jasho likakataa kukauka. Godoro la sponji hushika joto, kwa hiyo tandika mkeka juu yake, kisha shuka ya pamba. Weka kanga kavu karibu na mto ili usilazimike kuwasha taa na kupekua sanduku, na maji ya mtungini yawe mkononi. Wengine huniambia kwamba wamevua chandarua ili wapate hewa. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu malaria ya kweli bado ipo hapa hapa. Fungueni dirisha, elekezeni feni kitandani, lakini chandarua kibaki.

Nije kwenye unga wa mizizi unaouzwa kama dawa ya joto hili, na hapa uvumilivu wangu ni mdogo. Mtu anauziwa kopo kwa fedha ya chakula cha wiki, kwa sababu jirani alilitumia akapata nafuu. Katika majaribio ya dawa za joto hili, hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake huripoti nafuu kubwa, na nafuu hiyo wanaihisi kweli; ndiyo maana ushuhuda wa jirani hautoshi. Kuna mizizi ya mmea mmoja wa Marekani ya Kaskazini, maarufu sana kwa tatizo hili, ambayo baadhi ya walioitumia walipata madhara ya ini. Kama mizizi inayofahamika na kuchunguzwa ina mashaka hayo, nani atathibitisha kilichomo kwenye kopo lisilo na jina?

Muda unanibana. Soya ni chakula kizuri, ila matokeo ya tafiti zake yanapingana. Kupunguza uzito uliozidi husaidia, na wavutaji sigara hupata joto hili zaidi. Tiba ya mazungumzo, iliyojaribiwa Uingereza, huupunguza usumbufu wa joto hata pale idadi yake isipopungua. Aliyezidiwa, asiyelala wala kufanya kazi, amwone daktari wazungumze kuhusu tiba ya homoni, wala asione kwamba ameshindwa.

Na yule ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima, kisha akaona damu, hata tone moja, asihesabu mbaazi wala asisubiri wiki: aende hospitali kesho asubuhi.