Nyie mnaoniuliza "kwenu wapi bara?", leo nawajibu

Tumsifu Yesu Kristu, na Assalaam aleykum. Naziweka salamu zote mbili pamoja kwa sababu ndivyo nilivyolelewa Unguja, mtoto wa Kikatoliki kati ya majirani Waislamu, na ndiyo habari yenyewe ya leo.

Hapa Leicester saa kumi na nusu tu, kiza kishaingia. Mnaiona hii leso? Ya bibi yangu, mzaa mama. Ngoja niisogeze karibu. Fundo hili la pembeni ndilo lililokuwa pochi yake: hela za sokoni Darajani na rozari, humohumo. Punje moja ilipotea, akaiziba nafasi yake kwa ushanga mwekundu. Alipofariki nikapewa mimi. Miaka mitatu sikuifungua.

Jumapili yangu ya kwanza hapa nilikwenda kanisani na mtandio kichwani, kama nilivyozoea Minara Miwili, kanisa letu kuu la Unguja mjini. Mama mmoja mlangoni akaniuliza kwa upole kama nimepotea, msikiti uko mtaa wa pili. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilikaa kiti cha nyuma nikalia, maana swali lile nalijua tangu mdogo, kwa upande wa pili. Skuli nikitaja jina langu la ubatizo tu, "Kwenu wapi bara?" Huku naonekana Muislamu aliyepotea njia, kule mtu wa bara anayeficha kwao. Nikaacha kwenda. Kwanza Jumapili mojamoja, mwisho Pasaka ikanipita nimelala.

Jamani, hilo la bara tulizungumze. Mapadre Wakatoliki waliingia Unguja mwaka 1860, na wale wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafuata 1863. Bagamoyo, tunayoambiwa ndiyo mlango wa Ukatoliki, walifika 1868, wakitokea kwetu. Na katika Wakatoliki wa mwanzo wa Unguja walikuwemo watoto waliokombolewa utumwani, wakati soko la Mkunazini bado linauza watu, lilifungwa 1873. Sasa mtoto yule ukimuuliza kwao wapi, akujibu nini? Kwao alishanyang'anywa. Bibi akituambia bibi yake alikuwa katika watoto wale, na jina la kijiji alichozaliwa halikutufikia. Limekatika. Kilichotufikia ni Salamu Maria na Kiswahili cha mitaa ya Ng'ambo, Unguja mjini. Basi mimi kwetu Unguja. Sina kwengine.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ishaanza. Magharibi ile mlango ukagongwa. Jirani yangu, mama wa Kisomali, kashika sahani imefunikwa. Nafunua: sambusa na tende. Nami nina majivu kwenye paji la uso, nimefunga tangu asubuhi. Akayatazama, akaniambia kwa Kiingereza chake, "Na wewe umefunga? Basi kula." Nikafungua pale pale mlangoni, nimesimama.

Nikamwona mama yangu. Mchana wa Ramadhani anafunga dirisha la jiko ili harufu isiwafikie watu waliofunga. Adhana ikilia, sahani inaingia kwa mlango wa uani: muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga. Na Krismasi kuku wetu walichinjwa na mzee wa nyumba ya pili, makusudi, ili pilau likiiva na wao wale. Sahani yake ilitoka kwanza, ndipo na sisi tukapakuliwa. Sadaka niliielewa pale, kabla sijafundishwa katekisimu.

Usiku ule nikalifungua fundo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijaribu kusali Kiingereza. Maneno yanatoka, moyoni hayashuki. Nikaanza, "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe." Nilipofika kwenye ushanga mwekundu sauti ikaniishia, nikakaa nao mkononi mpaka usiku sana.

Jumapili nikarudi kanisani, na mtandio wangu. Yule mama wa mlangoni siku hizi ananiita kwa jina. Zipo Jumapili bado natoka mle moyo mtupu, siwafichi. Lakini nakwenda.

Mama, najua unatazama. Tiketi nishakata, Krismasi nitasali Minara Miwili, na leso ya bibi naja nayo. Mwambie mzee wa nyumba ya pili asichinje mpaka nifike.