Gego Lililotibiwa Mzizi Livalishwe Kofia Mapema

(Maongezi yangu na walimu na wazazi wa shule moja hapa Chang'ombe, Dodoma. Nimeyaandika vile vile nilivyoongea, nimetoa tu vicheko na kelele za watoto waliokuwa wanachungulia madirishani.)

Haya jamani tuanze, waliochelewa watatukuta njiani. Shikamooni wakubwa zangu, wengine mambo vipi. Mwalimu mkuu ameniita nije niongelee kofia za meno, zile za kufunika jino lililoharibika, maana anasema kuna walimu wake hapa wameambiwa hospitali wakavalishwe kofia na kila mmoja ana uhakika daktari anamtafutia hela. Sawa. Leo nitasema yote, hata yale yanayoniharibia biashara.

Watu wengi wanapoingia kwangu hukumu wameshaitoa wenyewe huko nyumbani, dokta ng'oa. Ukimwambia hili jino linatibika anakuangalia kama unamchelewesha bajaji. Alafu kuna kundi la pili, hawa ndio wananiuma zaidi, amekubali kutibiwa mzizi, yaani kutolewa nyama ya ndani ya jino mpaka kwenye mizizi na kuzibwa, amekaa kwenye kiti, amechomwa ganzi, amelipa, maumivu yameisha kabisa, tunamwambia mama rudi tuvalishe kofia, anasema nitakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi una ada, una mbolea, una msiba Kondoa, na jino haliumi, sasa aje kufanya nini? Anakuja baada ya miezi kadhaa kashika kitambaa mdomoni, gego limepasuka katikati mpaka chini kwenye mzizi, na hapo sina cha kuokoa tena, nang'oa jino ambalo tayari amelilipia. Sasa mada yangu yote ya leo iko hapo kwa huyo mama.

Kwanini linapasuka? Jino kwa nje lina gamba gumu linaitwa enameli, ndio kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa, karibu asilimia 96 yake ni madini. Lakini ugumu wake huo ndio na udhaifu wake, kikimeguka hakioti tena, mfupa ukivunjika unaunga, enameli haiungi mpaka unazikwa. Chini yake kuna dentini ambayo ni laini kidogo na inabebana na lile gamba, na katikati kabisa ndio kuna nyama yenye damu na neva, ile inayokuamsha saa nane usiku.

Sasa jino likitoboka, wadudu wanakula dentini, daktari naye anakwangua iliyooza, akitibu mzizi anatoboa juu katikati ya gego ashuke mpaka kwenye mifereji ya ndani ya mizizi. Ukimaliza hapo gego limebaki kuta tu pembeni na katikati kuna dawa ya kuzibia. Vile vilima vya juu ya gego, kila unapong'ata kitu kigumu, vinasukumwa kwenda nje, kila mlo, kila siku. Na magego yanabeba mzigo wa kutafuna kuliko meno ya mbele, sisi watu wa huku tunajijua, nyama ya mnada wa Msalato haichekei mtu, karanga, mahindi ya kuchoma, ubuyu unaguguna mpaka mbegu, na kile kipunje cha mchanga kwenye mlenda mkavu ambao haukuoshwa vizuri. Unang'ata, kah! Ukuta mmoja umeondoka.

(Mzee mmoja nyuma akasema yeye lake lilivunjika kwenye wali, kokoto.) Umesikia? Kokoto ni kisingizio tu mzee wangu, jino lilikuwa limeshajiandaa.

Basi kofia inafanya kazi gani. Inalikumbatia jino lote, juu na pande zote mpaka karibu na fizi, nguvu ya kutafuna ikija inagawanyika jino zima badala ya kusukuma ukuta mmoja mmoja. Mmeona patasi ya seremala, pale juu ya mpini kuna kipete cha chuma? Kile kipete hakichongi mbao, kazi yake ni mpini usichanike fundi anapogonga nyundo. Kofia ni hivyo hivyo. Kujaza tu katikati, hata ujaze na kitu kizuri vipi, hakuzuii kuta kuachana, lazima ufunge kwa nje.

Na hii sio maneno ya madaktari wa Dodoma tu. Kuna utafiti wa Marekani wa Aquilino na Caplan, ulitoka 2002, waliangalia meno yaliyotibiwa mzizi, wakakuta yale ambayo hayakuvalishwa kofia yalipotea kwa kasi mara sita kuliko yaliyovalishwa. Mara sita jamani. Mimi nikisoma hiyo nawakumbuka watu wangu wa mwisho wa mwezi.

Ila sasa kuna sharti, na hili watu hawaambiwi. Kofia inahitaji kitu cha kushika. Tunataka sehemu ya jino lenyewe isiyooza, sio dawa ya kuzibia, iliyosimama juu ya fizi kama milimita 2 hivi kuzunguka pande zote, kofia ilibane hapo. Zikiwepo hizo milimita 2 jino lina maisha, zisipokuwepo naweza kukutengenezea kofia nzuri ya kupigia picha na itachomoka na kipande cha jino ndani yake. Kwahiyo ukiona mtu anaahirisha, kinachoisha ni zile milimita. Leo ukuta umemeguka kidogo, mwezi ujao umemeguka mpaka kwenye fizi, tunatoka kwenye kofia tunaingia kwenye kung'oa.

Inavyofanyika kwa haraka haraka. Jino linapigwa eksirei kwanza tuone mzizi, maana kufunika jino lenye usaha chini ni kumfungia mwizi ndani. Linapigwa ganzi kama bado lina uhai, linapunguzwa pembeni na juu, milimita moja mpaka mbili inategemea kofia ni ya nini, tunachukua umbo la mdomo wako linaenda maabara, fundi wa maabara anatengeneza, wewe unarudi nyumbani na kofia ya muda ya plastiki. Baada ya wiki moja au mbili unarudi, tunaijaribu, unang'ata karatasi ya bluu tuone inapogusa sana, tunasawazisha, ndio tunaibandika kwa saruji ya meno. Msione aibu kusema dokta bado iko juu. Mtu anasema iko sawa ili aondoke, anafika Nkuhungu anaanza kuumwa taya.

Aina zake, kuna ya chuma tupu, ngumu, inakaa sana, ila inaonekana. Kuna ya porseleni, kauri ile, juu na chuma ndani, ina rangi ya jino, ila porseleni inaweza kumeguka na baada ya muda fizi ikishuka unaona mstari mweusi pale chini. Na kuna zirkonia, nayo ni aina ya kauri, nyeupe yote na ngumu sana, siku hizi kwenye magego ndio wengi wanaiulizia. Mimi kwa gego la nyuma kabisa la mkulima wa Mpunguzi ambaye hacheki mpaka lionekane, sioni ubaya wa chuma. Bei sitaji hapa, zinatofautiana hospitali na hospitali, uliza kabla hujatibiwa mzizi upange hela ya vyote viwili kwa pamoja. Hilo tu lingewaokoa wengi.

Sasa upande unaoniharibia biashara. Sio kila jino lililozibwa linataka kofia. Tobo dogo, ziba, nenda zako. Jino la mbele lililotibiwa mzizi lakini bado zima pande zote, mara nyingi kuziba kunatosha, lile halibebi mzigo wa gego. Na jino zima lisilo na shida usikubali lichongwe ati uwekewe la dhahabu la harusi, ukishachonga enameli hairudi, na jino lililokuwa hai linaweza hata kufa neva baadaye kwa sababu ya kule kuchongwa. Hao wanaopachika dhahabu kwenye vibanda ndio kabisa, unakuta ukingo umeacha uwazi, chakula kinaingia, miaka miwili jino limeoza chini ya urembo.

Dada mmoja kutoka Singida ameuliza kuhusu meno ya kahawia. Swali zuri, maana huku kanda ya kati tunayaona sana. Hayo yanatokana na madini ya floraidi kwenye maji ya baadhi ya visima, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sasa kuna visima vinapita hapo. Inamshika mtoto wakati meno bado yanatengenezwa ndani ya fizi, ndio maana mtu akihamia Singida akiwa mkubwa hayabadiliki. Kama ni rangi tu, hiyo sio kazi ya kofia, kuna njia za kusafisha na kufunika kwa juu juu bila kuchonga jino zima. Kofia tunafikiria pale enameli imekuwa na vishimo na inamomonyoka yenyewe ukila. Ila usimpeleke binti wa miaka 13 kuvalishwa kofia sita za mbele kwa sababu wenzake wanamcheka, subiri, aanze na njia nyepesi.

(Mama mmoja: na watoto je, dokta, si meno yao yatatoka tu?) Yatatoka ndio mama, lakini gego la utoto linakaa mpaka miaka 10, 12 hivi. Mtoto wa miaka mitano gego limetoboka, unataka aumwe miaka saba? Likitoka mapema pia majirani wanasogea, la ukubwani linakosa nafasi. Watoto wana kofia zao za chuma, zimeshatengenezwa kwa saizi, tunachagua tu. Na kuna njia iliyoanzia kwa daktari mmoja wa Uskochi, Norna Hall, huko miaka ya 1980, unaibandika kofia juu ya gego bila ganzi wala kuchonga, uozo unafungiwa ndani, unakosa chakula, unalala. Inahitaji tobo lisiwe limefika kwenye neva. Mtoto anang'ata kofia inaingia, analalamika kubana siku hiyo, kesho yake anakimbia. Mimi naipenda sana hii, maana mtoto hajifunzi kuniogopa.

Kutunza. Kofia yenyewe haiozi, kinachooza ni jino pale kofia inapoishia, kwenye mstari wa fizi, na hapo ndipo watu hawafiki na mswaki. Uelekeze mswaki kwenye ule mstari, katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Ikitunzwa miaka 10, 15 ni kawaida, wengine zaidi. Kama unasaga meno usiku, muulize mwenzio wa kitandani yeye ndio anajua, tuambie tukutengenezee cha kuvaa ukilala. Na soda unafungua kwa meno, mwalimu wa michezo nakuona unacheka, acha.

Swali la mwisho lilikuwa la kijana pale mlangoni, ikichomoka ghafla afanyeje. Usiibandike na supagluu, nimeona watu wanafanya, ile ni sumu kwa fizi na ikikaa upande inanipa kazi ya kuivunja. Isafishe kwa maji, iweke kwenye kikopo, usitafunie upande huo, alafu uje nayo ndani ya siku moja mbili. Ikiwa haijaharibika na jino liko zima tunairudishia hiyo hiyo. Usije mikono mitupu ukaniambia iko nyumbani Hombolo.