Kifurushi Kisifungwe kwa Seva Moja

Ndugu zangu, hili nimeshalisema katika kumbi nyingi, na leo nalirudia kwa sababu makosa ni yaleyale. Katika App-V, mfumo wa Microsoft unaopeleka programu kwa watumiaji zikiwa vifurushi (faili za .appv) zinazoshuka kutoka kwenye seva, usimpe mteja, yaani programu ya App-V iliyo kwenye kila mashine, jina la seva moja wakati mashine yenyewe leo iko makao makuu na kesho iko tawini.

Angalieni kosa linavyoingia. Unaongeza kifurushi kwenye seva ya usimamizi, unaandika njia kama \\seva01\vifurushi\hesabu.appv, unachapisha. Kuanzia hapo kila mashine, popote ilipo, inapewa njia hiyo hiyo. Laptopu iliyoko tawini ina seva yenye nakala ya faili hiyo kwenye chumba cha pili, lakini inavuta megabaiti mia kadhaa kupitia kiungo chembamba hadi seva01. Halafu mtumiaji anaambiwa programu ni nzito. Programu si nzito! Njia ndiyo mbovu.

Najua mtakalosema: kuna PackageSourceRoot, mpangilio unaobadilisha chanzo cha vifurushi kwa kila eneo kupitia Group Policy, yaani sera ambazo Windows hupewa na mtandao wa kampuni. Ni kweli, na kwa kompyuta ya mezani isiyohama inatosha kabisa. Kwa laptopu, kumbukeni kwamba sera huburudishwa kila baada ya dakika 90, na juu yake huongezwa muda wa nasibu unaoweza kufika dakika 30. Mtu anafunga laptopu mji mmoja, anaifungua mji mwingine ikitoka usingizini, na sera ya jana bado inatawala. Ndiyo maana nasisitiza DFS, huduma ya Windows inayoficha seva kadhaa nyuma ya njia moja: andika \\domeni\programu\vifurushi\hesabu.appv, jina lisilobadilika, na acha mtandao uchague seva iliyo karibu.

Hapo napo watu hukwama pawili. Kwanza, DFS huchagua seva kwa kuangalia saiti, yaani eneo la mashine kama lilivyosajiliwa kwenye Active Directory (orodha kuu ya mtandao wa Windows), na saiti hujulikana kwa sabneti, yaani kundi la anwani za mtandao za tawi. Tawi jipya likifunguliwa bila sabneti yake kusajiliwa, mashine za pale haziwezi kupangiwa seva ya jirani kwa uhakika. Pili, mashine hukumbuka jibu ililopewa: kwa kawaida sekunde 300 kwa mzizi wa DFS na 1800 kwa folda. Nusu saa nzima laptopu inaweza kuendelea kuigongea seva ya mji ilikotoka. Kama huna subira, punguza muda huo kwenye folda ya vifurushi, au ifute kumbukumbu hiyo kwa kuendesha dfsutil cache referral flush.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kifurushi nusu. Fungua C:\ProgramData\App-V, chagua faili kubwa ndani ya folda ya kifurushi, tazama sifa zake. Ukubwa unaweza kusomeka GB 2, lakini nafasi iliyochukuliwa kwenye diski ni MB 300. Faili ina mashimo: sehemu zake nyingine hazijashuka bado. Sehemu ya kuanzishia imeshuka, programu inafunguka, mtumiaji anaridhika na kuondoka ofisini. Akiwa njiani anabonyeza menyu ambayo hajawahi kuigusa. Windows inaomba kipande ambacho hakipo, usomaji unasimamishwa hadi seva ijibu, na seva haipatikani. Dirisha linaganda. Atapiga simu akisema kompyuta imeharibika, na fundi ataiweka upya bure.

Dawa yake ni fupi. Kwenye PowerShell endesha Get-AppvClientPackage -All na usome PercentLoaded, yaani asilimia ya kifurushi iliyokwisha kushuka. Kwa mashine inayosafiri, chochote chini ya 100 ni hitilafu inayosubiri siku yake. Maliza kazi kwa kushusha vifurushi vyote vizima:

Get-AppvClientPackage -All | Mount-AppvClientPackage

Kisha weka AutoLoad, mpangilio wa mteja wa App-V, iwe 2, ili vifurushi vyote vilivyochapishwa vishuke bila kusubiri mtu avifungue. Thamani 1, ambayo ndiyo ya kawaida, hushughulikia vile vilivyokwishatumika tu. Mtaniambia diski zitajaa. Basi mchapishie mtu anachokitumia. Kumpa kila mtu kila kitu halafu kulalamikia nafasi si usimamizi.

Mengine nayapitia haraka, muda unakimbia. SharedContentStoreMode, mpangilio unaofanya programu isomwe moja kwa moja kutoka kwenye seva, ni ya seva za vikao (ambazo watu wengi hufanyia kazi kwa mbali) na kompyuta pepe zilizo karibu na hifadhi. Ukiiwasha kwenye laptopu, yaliyomo hayatunzwi kwenye diski, na nje ya mtandao hakuna kitu. Ruhusa za kusoma kwenye folda ya vifurushi lipeni kundi la Authenticated Users, kwa sababu akaunti za kompyuta nazo zimo humo.

Na toleo jipya: subirini nakala ifike kwenye seva zote za matawi kwanza, ndipo mchapishe. Toleo la zamani lisifutwe kwenye seva yoyote mpaka kila laptopu, hata ile iliyoko safarini wiki nzima, ionyeshe 100 kwenye toleo jipya.