Siku ya mvua mzito kapata kumi kwa kumi

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Projekta naona imegoma, kwa hiyo tuongee tu kiualimu ualimu, habari ya watoto wetu wasiosikia au wasioona vizuri, na wale wa lugha nyingine, tunaowadhania wajinga darasani.

2016 ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne mnajua wenyewe madarasa yalivyofurika, mimi nilikuwa na la tatu kule Mbagala, watoto mia na ushee, dawati la watatu wanakaa watano. Nyuma kabisa kulikuwa na kijana tunamwita "mzito", yaani mzito wa kuelewa. Ukimwita haitiki, ukimuuliza anamwangalia jirani anacheka cheka. Nimemchapa sana yule mtoto jamani, nakiri.

Sasa masika mvua ikapiga kwenye bati, na lile darasa halina dari, hata mwenyewe sijisikii, nikaona isiwe tabu, nikaandika kila kitu ubaoni, maelezo, mifano, maswali, mdomo sijafungua. Jioni nasahihisha, mzito kapata kumi kwa kumi. Nikasema kaibia, ila kaibia kwa nani, jirani yake kapata nne! Kesho yake nikasimama nyuma yake nikamwita taratibu, kimya. Kuangalia sikio, usaha. Mama mtu anasema linatoka tangu mtoto anaanza kutembea, wanamtilia mafuta ya nazi. Kumbe siku ya mvua sote tulikuwa viziwi, ndo siku pekee aliyokuwa sawa na wenzake.

Lugha nayo. Mtoto katokea Tarime, lugha ya kwao Kikurya hakina L, anaandika "nimekura ugari", darasa linaangua kicheko na mwalimu naye yumo, basi muhula mzima hanyooshi tena mkono. Siku hizi kwenye hesabu nasahihisha hesabu, L na R zinasubiri imla.

Wenye ualbino, kumkalisha mbele tu haitoshi, ubao ukipigwa na jua la dirishani haoni kitu. Andika kubwa, soma kwa sauti unachoandika, mwache asogee mpaka ubaoni. Ila ukimaliza geuka urudie, yule wa sikio anasoma mdomo, mgongo hausomeki.

Eti mwalimu pale nyuma? Watoto mia na thelathini utawapima masikio lini? Usiwapime. Ita mahudhurio ukiwa umesimama nyuma ya darasa, sauti ya kawaida, mdomo wasiuone. Asiyeitika na yupo, mtie alama ya penseli. Siku tatu mfululizo hivyo hivyo, muite mzazi waende zahanati, fimbo iache ofisini.