Ulimi Unalala Wapi?

Kabla sijaanza, msisogeze kitu. Ulimi wako uko wapi? Sijasema uuweke mahali, nauliza ulikuwa wapi kabla sijauliza. Nawaona, nusu yenu mmeshaupandisha juu haraka kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu. (Kicheko.) Mmechelewa.

Waliowahi kunisikia wanalijua swali hili na watanivumilia. Watu huuliza zoezi la kuondoa kukoroma, au la mtoto anayesukuma meno kwa ulimi, au la mzee anayepaliwa na maji. Wameshaona video. Asubuhi wanatoa ulimi nje mara 50, wanauzungusha, wanauvuta, jasho linawatoka. Saa 23 zinazobaki ulimi umelala chini, nyuma ya meno ya chini, mdomo wazi. Sasa hapo umefanya nini? Umeuchosha, halafu ukaurudisha kwenye kitanda kilekile.

Kitanda chake halisi ni kaakaa, paa la mdomo. Semeni "nani". Rudieni, ila mkifika kwenye ile n ya kwanza msiiachie. Mnahisi ncha ilipogusa? Ni ufizi ulioinuka nyuma ya meno ya mbele ya juu, penye mikunjo. Ncha ikae hapo bila kugusa meno. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza, kumbe sehemu ya nyuma bado inaning'inia. Semeni "ng'ombe", mng'ang'anie ile ng'. Sasa ni shina la ulimi lililopanda, linagusa kaakaa laini. Ziunganisheni hizo mbili: ncha kwenye n, shina kwenye ng', katikati pamejaa kaakaani. Midomo imefungwa bila kubanwa, meno ya juu na ya chini yameachana milimita 2 au 3, hewa inapita puani. Huko ndiko ulimi unakokaa usipokuwa na kazi.

Kuna anayesema moyoni: "Mimi nameza tangu nizaliwe, leo nifundishwe pa kuweka ulimi?" Ulizaliwa unameza kwa kusukuma ulimi mbele, kama kila mtoto mchanga, na ilikuwa sawa kabisa. Meno yanapoota, ulimi unatakiwa kurudi nyuma na kupanda juu. Kwa baadhi ya watu haurudi. Lakini hata hapo msiukamate umezaji peke yake, na hapa nabishana na wenzangu wengi wanaofundisha mazoezi haya. Piga hesabu. Mtu anameza, tuseme, mara 600 kwa siku, na kila mmezo ulimi unabana kama sekunde 1. Jumla yake dakika 10. Meno hayasogezwi na dakika 10 za kusukumwa kwa nguvu, yanasogezwa na msukumo mdogo usiokoma, saa baada ya saa. Mtoto aliyefundishwa kumeza vizuri lakini ulimi wake ukaachwa uegemee meno mchana kutwa atanyooshewa meno, kisha yatarudi yalikokuwa, na mzazi atamlaumu daktari wa meno.

Turudi kwenye kukoroma na pumzi. Msuli mkubwa wa ulimi, jenioglosasi, umejishikiza kwenye mfupa wa kidevu kwa ndani, kisha unatawanyika kama upepeo. Ukikaza, unauvuta ulimi mbele na njia ya hewa inabaki wazi. Mtu akilala, misuli inalegea, hasa katika usingizi wa ndoto. Akiwa chali, ulimi unaporomoka kuelekea kooni na kaakaa laini linatikisika, ndiyo kukoroma. Njia ikiziba kwa sekunde 10 au zaidi, huko ni kukosa hewa usingizini. Wataalamu huhesabu mara ngapi kwa saa hewa inakatika au kupungua. Kwa mtu mzima, kuanzia 5 ni tatizo dogo, kuanzia 15 la wastani, 30 na kuendelea ni kubwa.

Je, mazoezi yanasaidia? Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio kutoka São Paulo, Brazil. Watu 31 wenye tatizo la wastani, miezi 3, kila siku. Waliofanya mazoezi ya ulimi, kaakaa na uso walishuka kutoka mara 22.4 kwa saa hadi 13.7 kwa wastani. Waliopewa mazoezi ya kuvuta pumzi tu hawakupata nafuu hiyo. Isomeni vizuri hiyo namba: 13.7 si sifuri. Kwa hiyo anayelala na mashine ya kusukuma hewa asiitupe uvunguni kwa sababu ya mhadhara wangu. Aendelee nayo mpaka apimwe tena usingizini. Kupungua kwa kukoroma si kipimo, maana mtu anaweza kunyamaza na hewa bado inakatika.

Sasa zoezi lenyewe. Nawapa moja, mlifanye sawasawa. Shika kioo. Weka ncha kwenye n. Uvute ulimi wote juu kama unayetaka kupiga mlio nao, lakini usiuachie. Ukiwa umenata hivyo, fungua mdomo polepole. Kwenye kioo utaona ule uzi wa nyama chini ya ulimi umekazika, na kingo za ulimi zimeshika kaakaa pande zote mbili. Kaa sekunde 5, pumzika, rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea, fika sekunde 10.

Linaharibika wapi? Kwanza, ncha inateleza mbele na kusukuma meno. Ukiiona imechungulia katikati ya meno, anza upya. Pili, upande mmoja unaachia kabla ya mwingine. Hiyo ni habari muhimu, usiifiche, mwambie mtaalamu. Tatu, na hili ndilo sugu, taya linafanya kazi ya ulimi. Weka kidole kidevuni: kikisukumwa mbele au kwenda upande, umedanganya, na baada ya wiki utakuja unalalamika maumivu mbele ya sikio, kwenye kiungo cha taya. Fungua mdomo kidogo tu, kiasi ambacho ulimi unaweza kushika. Nne, ulimi hausogei juu hata ukijitahidi, uzi ule ni mfupi. Hapo si uvivu, mwone daktari. Na uzi ukikatwa, mazoezi hayakwepeki, kwa sababu mkasi hauufundishi ulimi njia.

Halafu pua! Nilipaswa kuanza na pua. Unamwambia mtu afunge mdomo naye pua imeziba, unataka apumulie wapi, masikioni? Mtu mzima asiyepaliwa ajipime hivi: aweke maji kidogo mdomoni, afunge midomo, apumue kwa pua dakika 2 bila kumeza. Akishindwa, mazoezi yasubiri, pua ishughulikiwe. Mtoto anayekoroma kila usiku achunguzwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua kwanza. Tafadhali, kubandika utepe wa gundi mdomoni wakati pua haijapimwa si tiba.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Mazoezi ya mashavu na ya puto naacha. Kuhusu kumeza, kwa haraka.

Anayesukuma ulimi: fundo dogo la maji, ncha kwenye n, meno yagusane kidogo, meza huku unatazama kioo. Midomo itulie. Kidevu kikikunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, midomo inafanya kazi isiyo yake.

Anayepaliwa, hasa baada ya kiharusi, ni habari nyingine kabisa. Apimwe kwanza, kwa sababu wapo ambao chakula kinaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Zoezi la Masako: ncha ya ulimi ishikwe kidogo kati ya meno, umeze mate. Mate tu. Ukifanya hivyo na chakula mdomoni, ulimi hauwezi kusukuma vizuri, mabaki yanabaki kooni, na utapaliwa kwa zoezi lililokusudiwa kukukinga.

La mwisho kwa anayepaliwa ni zoezi la Shaker. Lala chali bila mto, inua kichwa utazame vidole vya miguu, mabega yabaki chini. Sekunde 60 juu, 60 kupumzika, mara 3. Kisha inua na kushusha mara 30 bila kushikilia. Mara 3 kwa siku, wiki 6. Linaimarisha misuli ya chini ya kidevu inayolivuta koromeo juu na mbele ili mlango wa umio, njia ya chakula, ufunguke. Mabega yakinyanyuka, unafanya zoezi la tumbo. Wanaoshindwa sekunde 60 siku ya kwanza, na ndio wengi, waanze na 15 waongeze. Mwenye ugonjwa wa shingo au tundu la kupumulia kooni asilijaribu kabisa. Na wewe mzee wa mstari wa mbele, mdomo umefunguka tena.