"Hela ya bia unaitoa wapi?" Leo najibu

Habari za nyumbani, ndugu zangu. Wakubwa wote shikamooni. Leo nilipanga kuwaonyesha soko la Jumamosi, nimeahirisha, maana kila nikiweka video niko baa swali ni lile lile: "Kaka, bia kila Ijumaa hela unaitoa wapi, na huku unasema maisha magumu?" Nikionyesha glasi, najisifu. Nikionyesha barua za kodi, nalialia. Basi leo naweka hesabu mezani.

Nipo Köln, Ujerumani, mwaka wa sita huu. Bia ya hapa ni Kölsch, na jina hilo linalindwa kisheria: kiwanda kisicho cha Köln au vitongoji vyake hakiruhusiwi kulitumia. Inakuja kwenye glasi nyembamba ya mililita 200. Mhudumu wanamwita Köbes. Anapita na sinia la duara limejaa glasi, yako ikiisha anakuwekea nyingine bila kuuliza, anapiga mstari wa kalamu kwenye kile kikadi cha chini ya glasi. Ukitosheka, funika glasi kwa kikadi. Mara yangu ya kwanza hakuna aliyeniambia. Niliona haya kukataa, nikalipa glasi tisa.

Siku hizi nafunika baada ya nne. Glasi moja kama euro 2 na nusu, kwa hiyo Ijumaa yangu ni euro 10. Mkataba wangu unasema euro 2,600 kwa mwezi. Baada ya makato, inayoingia benki haifiki 1,900, na chumba peke yake ni 640. Hapo bado nauli, chakula, na nyumbani. Sasa niambieni, euro 10 ndiyo iliyonifanya tajiri?

Na hili lazima niliseme. Mwaka jana kuna ndugu yangu wa damu alichukua picha kutoka kwenye video yangu ya tarehe 11 Novemba, siku msimu wa karnivali unapofunguliwa hapa, saa tano na dakika 11 asubuhi, watu wamevaa mavazi ya kila aina wanaimba barabarani. Akaitupa kwenye grupu la familia: "Ada hana, ya bia anayo." Ada niliyodaiwa nilikuwa nimeituma Septemba, risiti ninayo. Mama alinipigia analia. Sijasahau.

Kuhusu Oktoberfest, lile tamasha kubwa la bia la München mnaloniuliza sana: nilienda mara moja, 2025. Kuingia uwanjani ni bure, na bia inayouzwa ni ya viwanda sita vya München tu. Ila lita moja mwaka ule ilikuwa kati ya euro 14.50 na 15.80, hujagusa kuku, hujalipa treni wala pa kulala. Raha ipo kweli, watu wanasimama juu ya mabenchi wanaimba pamoja na usiowajua. Kwa mfuko wangu, mara moja inatosha. Wewe mfuko wako unaujua mwenyewe.

Ninachokifuata baa ni watu. Kuna meza moja ya wazee, nilikaa nao kwa sababu kwingine kulijaa. Mmoja ni fundi bomba mstaafu. Yeye ndiye aliyenisomea barua za mchango wa redio na televisheni nilizokuwa naziweka kabatini nikijua hazinihusu, maana televisheni sina. Kumbe kila nyumba inalipa, euro 18.36 kwa mwezi, uwe nayo usiwe nayo, na deni lilikuwa linapanda. Kibali changu cha kuishi kilipokwisha na miadi haipatikani, nikapewa karatasi ya muda, nikaogopa kusafiri nayo. Shangazi akazikwa sipo. Wiki ile wale wazee walikaa nami mpaka baa inafunga, hakuna aliyeniuliza kwa nini sinywi.

Halafu mimi ni mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro. Nimekua naona mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipikwa: ndizi mbivu zinachemshwa, ulezi, gome la msesewe, halafu kata inazunguka kuanzia kwa mkubwa. Huku vijana wa miaka 20 wanajivunia bia ya mji wao, wakisikia umeagiza ile ya Düsseldorf, mwendo wa nusu saa tu kwa treni, wanakutania jioni nzima. Sisi tukipata hela kidogo tunaikimbia mbege, tunaiita ya wazee. Hilo linaniuma kuliko maneno ya kwenye komenti.

Simshauri mtu anywe. Kama hunywi, usianze kwa ajili yangu. Meza ile ile kuna mama anayeagiza maji ya tufaa yenye gesi kila wiki na hakuna anayemsema. Kama unakuja huku, hesabu zako hazitafanana na zangu.

Na yule ndugu yangu najua unaangalia. Ada ya Januari nimetuma jana. Muulize mama.