Mnara Unaogopwa, Jua Linazoeleka

(Mhadhara uliotolewa Dodoma mjini mbele ya wenyeviti wa mitaa na vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wanafunzi wa sayansi)

Mbukwenyi!

Nashukuru. Nimepewa dakika arobaini na tano, na nawaona humu wengi ambao wameshanisikia nikiyasema haya. Nitayarudia. Juzi nimeletewa nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha mkoa huu, umesainiwa na kupigwa muhuri. Agenda ya nne: "Wananchi wamekataa mnara kwa sababu ya mionzi." Basi, mstari mmoja. Hakuna aliyeuliza mionzi ipi, kiasi gani, kutoka umbali gani. Nimefundisha fizikia miaka 31, na mstari ule uliniuma kuliko karatasi yoyote ya mtihani niliyowahi kusahihisha.

Neno hilo ndilo linalotuponza. Mgonjwa wa saratani pale Ocean Road anachomwa mionzi. Eksirei ni mionzi. Urani iliyotafutwa kule Bahi ina mionzi. Jua lina mionzi. Halafu fundi anakuja na vyuma vyake kusimika mnara wa simu, naye anaambiwa analeta mionzi. Jina moja kwa vitu ambavyo havifanani hata kidogo kwa ukali. Maji ya kisima tunayaita maji, na maji ya betri tunayaita maji. Sijawahi kumwona mama anayemnyima mtoto wake maji ya kisima kwa sababu maji ya betri yanaunguza. Kwenye maji tunajua kutofautisha. Kwenye mionzi tunakimbia wote.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana mengine yote yanasimama juu ya hili. Mawimbi ya redio, ya simu, ya WiFi, joto la jiko, mwanga wa macho, urujuanimno wa jua (ule usioonekana kwa macho lakini unaunguza ngozi), eksirei: yote ni mawimbi ya sumakuumeme, ukoo mmoja. Kinachoyatofautisha ni nishati inayobebwa na kila chembe ya wimbi. Chembe moja ya urujuanimno ina nishati takriban mara milioni moja ya chembe moja ya wimbi la simu la megahezi 900. Wekeni mtungi wa udongo uwanjani. Waambieni watoto wa kijiji kizima waurushie punje za mtama toka asubuhi mpaka jua lizame. Mtungi hautapasuka. Mtoto mmoja akiokota jiwe la ukubwa wa ngumi, umepasuka. Ili saratani ianze kwa mionzi, wimbi lazima liharibu chembe za urithi ndani ya seli. Eksirei inaweza, urujuanimno unaweza. Wimbi la simu halina jiwe la kurusha. Lina punje za mtama tu.

Najua kuna mzee hapa ameshaandaa methali. Nimeambiwa kila ninapokwenda: "Mwalimu, haba na haba hujaza kibaba. Mionzi inajikusanya mwilini." Hapana, mzee wangu. Wimbi la simu likiingia mwilini linageuka joto, joto dogo sana, na damu inalibeba na kulitoa. Joto la moto uliouota jana jioni haliko mwilini mwako leo. Kibaba hicho hakina kitako. Joto hilo likizidi kweli lina madhara, na ndiyo maana viwango vya kimataifa vimewekwa chini mno ya kiasi kinachoweza kupasha mwili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2006 kwamba wananchi wanaoishi jirani na minara walikuwa wanapata kati ya asilimia 0.002 na 2 ya viwango hivyo.

Nimekuja na redio. Hii hapa, ya betri. Na hii ni simu ya kitochi. Mnaujua ule mlio wa "tit-tirit-tit-tirit" unaotoka kwenye redio kabla simu haijaita? Kila mtu humu anaujua. Ule mlio ni wimbi la simu yako linaingia kwenye nyaya za redio, na unakupa picha ya nguvu ambayo simu inatumia kwa wakati ule. Hamhitaji kifaa cha maabara. Hapa mjini, ambako mnara uko karibu, mlio unaanza kwa kelele, kwa sababu simu inaanza kwa kupaza sauti, kisha mnara unaiambia "nakusikia, punguza", na mlio unafifia. Kitochi kinaweza kufika wati 2 kikipaza, na kikashuka mara mamia kadhaa mnara ukiwa karibu.

Mama yangu mdogo anaishi kijiji ambacho nacho kilikataa mnara. Nyumbani kwake simu haishikwi mkononi. Inaning'inizwa kwenye msumari, fremu ya mlango wa nyuma, upande wa kulia, kwa sababu pale tu ndipo mtandao unafika. Ukiisogeza kiganja kimoja, imekatika. Ukitaka kuongea unasimama pale umeinamisha shingo, sikio limegandana na simu, na baada ya dakika tano simu imepata moto na chaji imeshuka vibaya. Niliiweka redio hii hii kwenye kigoda chini ya ule msumari. Mlio haukufifia mpaka tulipomaliza kuongea. Kwa nini? Mnara uko mbali, nyuma ya jabali, na simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote, sentimita moja kutoka kwenye fuvu la mama yangu mdogo. Kila mtu kijijini anasema "huku simu zinakula chaji", na ni kweli, ila hakuna anayejiuliza hiyo chaji inakwenda wapi. Inakwenda hewani kama mawimbi, na sehemu yake inaingia kichwani mwako.

Wamekataa mnara wakwepe mawimbi, na sasa wanapata mawimbi mengi zaidi kuliko aliyejenga nyumba mita mia moja kutoka mnarani. Naomba hili liandikwe kwenye muhtasari wa kijiji, lipigwe muhuri.

Na kabla hamjasema "lakini chini ya mnara kabisa je?": antena za mnara zinaelekeza mawimbi mbele, karibu sambamba na ardhi, kama taa za gari. Ukichuchumaa chini ya bampa, mwanga haukupigi. Na umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Kitu kilicho sikioni kinashinda kitu kilicho ng'ambo ya korongo.

Mwaka juzi, mjukuu wa mama huyo huyo alipatwa na uchungu saa nane usiku. Namba 115 ya m-mama, ile ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, inajulikana, imebandikwa ukutani kwa mkaa. Mumewe alipanda jabali na simu na tochi. Akapiga, akaambiwa asubiri wampigie. Akabaki juu kule akisubiri, huku chini wanawake wanamwita aje kusaidia kumbeba mkewe. Akashuka, mtandao ukapotea. Akapanda tena. Mara tatu. Mtoto alizaliwa njiani, nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa alizeti. Yuko hai, na mama yake yuko hai. Lakini mnaponiambia mnara ni hatari kwa afya, mimi namwona yule kijana juu ya jabali.

Kuna wasomi mtaniuliza kuhusu Lyon. Sawa. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi ya redio na simu kwenye kundi linaloitwa 2B, yaani "huenda yanasababisha saratani". Ujumbe huo umezunguka kwenye simu zetu tangu wakati huo, tena umetumwa kwa simu hizo hizo. Makundi yale hayapimi ukubwa wa hatari. Yanapima uzito wa ushahidi. 2B maana yake ushahidi ni mdogo lakini hatujafunga jalada. Mnajua ni nini kingine kiko 2B? Dondoo la jani zima la mshubiri. Mshubiri huu huu tunaochemsha na kunywa.

Na kundi la 1, ambalo ushahidi wake umekamilika? Jua. Tumbaku. Pombe. Na sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka.

Hapo nasimama kidogo, mama mwenyekiti, hata kama dakika zinakwenda. Mwaka 2016, mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 wakafa. Ni hapa kwetu. Walikula ugali, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, wakafa. Na ile inayokula ini polepole bila kuua kwa mkupuo, hiyo hatuhesabu hata kidogo. Mimi nimetembelea vijiji ambako mahindi yamemwagwa chini kwenye udongo, mvua ya mwisho imeyapitia, na mwenye mahindi anaamka saa kumi na moja kwenda mkutanoni kukataa mnara. Ningempa turubai la kuanikia mahindi. Anahitaji turubai.

Narudi kwenye jua, kwa sababu jua ni mada yetu, ni wimbi la sumakuumeme kama mnara. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, mawingu hatuna sehemu kubwa ya mwaka. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ingawa macho hayana kinga ya kutosha. Mnaowaona wana mtoto wa jicho, jua ni mojawapo ya sababu. Lakini ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo kabisa.

Nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino, kidato cha pili, mwepesi wa hesabu. Alikuja na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, ameshonewa na bibi yake. Asubuhi mstarini akaambiwa aivue, si sare ya shule. Mstari ulichukua karibu saa nzima, jua linampiga shingoni. Nilikuwepo. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Sikusema neno. Akaivua siku ile na kila siku, mpaka akamaliza kidato cha nne. Kidonda kilianza nyuma ya sikio, akapewa dawa za kupaka, akapewa za kienyeji, kilipofika kwa daktari anayekijua kilikuwa kimeshaingia ndani. Alifariki akiwa na miaka 27. Wimbi la sumakuumeme lilimuua, likitoka kwenye kitu ambacho hakuna mkutano wa kijiji uliowahi kukijadili. Mafuta ya kuwakinga wenye ualbino na jua yanatengenezwa Moshi, Kilisun yanaitwa. Mwenyekiti, unao wangapi mtaani kwako? Wanayapata? Shuleni wanaruhusiwa kofia?

Naambiwa zimebaki dakika tano. Basi mengine kwa haraka.

Nyaya za umeme mkubwa, pale Zuzu na kwingineko: huo ni umeme wa hezi 50, uko chini kabisa kwenye ukoo, chini hata ya redio. Kuna tafiti zilizounganisha uga wa sumaku unaozidi mikrotesla 0.4 (kipimo cha nguvu ya sumaku) ndani ya nyumba na saratani ya damu kwa watoto, na nao uliwekwa 2B mwaka 2002. Uhusiano umeonekana kwenye takwimu, lakini hakuna aliyeonyesha njia ambayo uga huo unaleta ugonjwa. Msijenge chini ya nyaya, hifadhi ya njia ya umeme iheshimiwe, kwanza kwa sababu waya ukidondoka unaua papo hapo. Waya uliokatika na nyumba isiyo na athi vinatuzika kila mwaka, na hivyo havina utata wowote.

Reli ya SGR: nyaya zake zina volti 25,000. Swali langu kwenu ni watoto wanaochezea uzio, si mawimbi.

Wale panya wa utafiti wa simu wa Marekani, mwaka 2018, waliopata uvimbe moyoni: walikuwa panya dume, walipigwa mawimbi mwili mzima saa tisa kwa siku kwa viwango ambavyo simu yako haifikii, na waliopigwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalikusanya tafiti 63 za binadamu, na hayakuona simu ikiongeza saratani ya ubongo. Na hizi simu zimeenea dunia nzima zaidi ya miaka 25.

Ukiwa bado na wasiwasi, nakuheshimu, tumia spika ya simu au visikilizio, umbali wa kiganja unapunguza sana. Usimlaze mtoto na simu. Na ewe kijana wa bodaboda unayebana simu kwenye helmeti ukiwa mwendo wa kasi, wewe simu itakuua kweli.

Mkitaka vipimo vya mnara wenu, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo yenye kazi hiyo kisheria. Andikeni barua, waje na kifaa, muone namba kwa macho yenu kabla ya kupiga muhuri.

Suala la watoto na muda wa kukaa kwenye simu nilikuwa nalo, usingizi hasa, ila sitaligusa, lina siku yake.

Redio ninayo, betri mpya. Natoka nayo hapo nje chini ya mwarobaini. Njooni na vitochi vyenu, muanze na ninyi mnaotoka kwenye kile kijiji cha agenda ya nne, nataka msikilize wenyewe.